Kutangaza Kazi ya Ushauri Nasaha Lamu Bila Kupoteza Kifua: Mwongozo Kamili

Kila baada ya wiki chache napata ujumbe wa namna moja kutoka kwa mshauri nasaha aliyefungua chumba hapa mjini, au Shela, au Mokowe. Amechapisha vipeperushi, ameweka bango, amelipia tangazo la Facebook. Mwezi wa pili unakwisha na hakuna aliyepanda ngazi yake. Nikimwomba anitumie alichoandika, karibu kila mara naona kosa lile lile: amejinadi kama anayeuza simu, katika mji ambao watu hawamwendei mtu wa kazi hii mpaka wajue ana kifua.

Kifua kwa maana ya kwetu: ukimwambia neno, linakaa kwake. Hicho ndicho unachotangaza, na hakitangaziki kwa kupaza sauti. Hatua zilizo hapa chini ndizo ninazowapitisha wenzangu ninaowasimamia. Zifuate kwa mpangilio, kwa sababu anayerukia ya sita kabla ya ya pili ndiye anayeniandikia.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

Hati ya usajili. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 inamtaka anayetoa huduma hii awe amesajiliwa na Bodi. Kama mafunzo yako ni ya ukocha wa maisha, jiite kocha na neno "tiba" uliache kabisa. Usijiite daktari kama si daktari.

Laini ya pili ya simu. Simu yake isishikwe na mtu mwingine nyumbani kwako, hata mtoto anayetaka kucheza gemu.

Till ya M-Pesa yenye jina lisilosema kitu. Sababu yake iko hatua ya tano.

Madaftari mawili na kabati la kufuli. Daftari moja la hesabu, halina jina la mtu. La pili ni la kumbukumbu za vikao, na halitoki kabatini ila wewe upo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, na hata bila sheria hiyo ungefunga.

Orodha ya pa kumpeleka mtu. Hospitali ya King Fahd kwa anayehitaji dawa au kulazwa. 1199 ya Msalaba Mwekundu, 1195 kwa dhuluma za kijinsia, 116 kwa watoto. Piga nambari hizi mwenyewe kwanza, ujue mtu akipiga anajibiwa vipi.

Mtu mmoja mkweli asiye wa fani yako. Wangu ni mama anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi. Hajasoma saikolojia, na ndiyo maana namhitaji.

## Hatua ya 1: Andika unachofanya kwa maneno ya nyumbani

Tangazo ninaloletewa mara nyingi linakuwa hivi: "Je, unapitia changamoto za afya ya akili? Badilisha maisha yako leo kwa ushauri wa kitaalamu. Matokeo ya uhakika!"

Lina makosa matatu. "Afya ya akili" ni neno zuri kwa mkutano wa kaunti, lakini kwa masikio ya wengi hapa linaleta picha ya mtu aliyefungiwa chumba cha nyuma, na hakuna atakayetaka kuonekana amelijibu. "Badilisha maisha yako" ni ahadi ya mtu anayetaka kitu. "Matokeo ya uhakika" ni uongo, kwa sababu hakuna mshauri duniani anayeweza kumdhamini mteja kwamba atapona.

Andika mtu anavyoumwa kama anavyosema yeye mwenyewe: halali usiku, moyo unamwenda mbio bila sababu, msiba hauishi, hawasemezani nyumbani. Kisha sema unafanya nini, usichofanya ni kipi, na siri inaishia wapi. Langu linasema:

"Watu huja kwangu wakikosa usingizi, wakiwa na msiba mzito, au nyumba ikiwa haina maneno. Tunakaa dakika 50, tunazungumza, mimi na wewe. Sitoi dawa. Sisomi kisomo, wala simkatazi mtu kusomewa. Nikiona shida yako si ya kazi yangu nitakwambia siku hiyo hiyo na nitakuonyesha pa kwenda. Unalosema linabaki chumbani, isipokuwa pale uhai wa mtu au usalama wa mtoto uko hatarini."

Sentensi ya kisomo usiiache. Wengi wanaokuja wameshapita kwa shekhe au kwa mganga, na wengine wanaamini wana jini au jicho la mtu. Ukiandika kana kwamba unakuja kuwakosoa, hawatakuja. Ukijifanya nawe unajua habari za majini ili wakupende, umeshawadanganya kabla hawajakaa. Sema tu mpaka wa kazi yako uko wapi.

Wengine huogopa kuandika sentensi ya mwisho, wakidhani itawafukuza watu. Iandike. Mtu akigundua baadaye kwamba siri ilikuwa na mpaka ambao hukumwambia, hatakuamini tena, na atakuwa na haki.

Utajua umefaulu pale mtu wako mkweli atakapoisoma na kukurudishia kwa maneno yake. Mama wa mahamri aliniambia: "Kwa hivyo mtu yuwaja, yuwasema, nawe humsikiliza mpaka mwenyewe akajua la kufanya." Nilimsomea matoleo manne kabla hajasema hivyo.

## Hatua ya 2: Jaribu mlango wako kabla ya kuutaja

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, na hapa ndipo nitakapokaa.

Vichochoro vya mji wetu ni vyembamba, watu wawili wakikutana na punda aliyebeba mawe mmoja anarudi nyuma. Kila nyumba ina daka (kile kiukumbi cha mlangoni), kila daka lina baraza, na kila baraza lina watu. Anayeingia kwako anaonekana akiingia, anaonekana akitoka, na macho yake yakiwa mekundu hilo nalo linaonekana. Bango lako linaposema "Ushauri wa Ndoa" juu ya mlango huo, umemwandikia mteja tangazo lake yeye.

Fanya hivi. Chukua siku tatu tofauti, ukakae barazani karibu na mlango unaofikiria kukodi, saa nzima asubuhi, saa nzima mchana, saa nzima baada ya Alasiri. Hesabu wangapi wamekaa wakitazama upande huo. Hesabu milango mingine inayoingiwa na watu bila kuulizwa wanaenda kufanya nini.

Nilikodi chumba cha kwanza nyuma ya Mkunguni kwa sababu kilikuwa na upepo na kodi nafuu. Mkabala nacho wazee walicheza bao tangu Alasiri hadi Magharibi. Wazee wema, wakinisalimu kila siku. Hakuna mwanamke hata mmoja aliyevuka mbele yao kuja kwangu.

Chumba nilicho nacho sasa kiko ghorofani, juu ya fundi cherehani, hatua chache kutoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Anayepanda ngazi ile huenda anapeleka kitambaa. Kuna bibi mmoja alikuja wiki nyingi akiwa na kitambaa kile kile cha rangi ya majani kimekunjwa kwapani, akipita mbele ya cherehani. Fundi hakumuuliza hata siku moja kama amechagua mshono, na mimi na fundi hatujawahi kulizungumza jambo hilo. (Nimepata ruhusa yake kulisema, na rangi nimeibadilisha.)

Kwa hiyo:

- Tafuta mlango unaoingiwa kwa sababu nyingine. Juu ya duka, ndani ya zahanati, nyumba yenye ofisi mbili tatu.
- Tumia saa za jua kali. Kati ya Adhuhuri na Alasiri maduka mengi yamefungwa na watu wamelala. Kwa akina mama, asubuhi watoto wakishakwenda shule.
- Acha nusu saa kati ya mteja na mteja. Wakikutana ngazini mara moja, umewapoteza wote wawili.
- Kama ni lazima uweke kibao, andika jina lako tu. Na usitoboe ukuta wa matumbawe kabla ya kuuliza: Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001 na majengo yake yana masharti ya hifadhi.

Jambo la khalwa nalo litatue mapema, na ulitaje kwenye maelezo yako bila kuona haya. Mwanamume na mwanamke wasio maharimu kujifungia chumbani peke yao ni jambo ambalo watu wengi wa hapa hawatalikubali, na anayelikubali yeye atasemwa na wengine. Mimi ni mwanamke. Wanaume ninawaona mlango wa chumba ukiwa wazi kiasi na msaidizi wangu akiwa chumba cha pili, anapoona lakini hasikii. Anayetaka zaidi ya hapo tunazungumza kwa simu, au nampeleka kwa mshauri mwanamume. Wenzangu wengine huogopa kwamba kusema hivi kunapunguza wateja. Kwangu kimekuwa ndicho kitu cha kwanza ambacho waume huwauliza wake zao.

Kwa wa Faza, Siyu na Kizingitini, kule kisiwa cha Pate, mlango ni boti. Boti za Pate zinafuata maji, na ukimpa mtu saa nne asubuhi siku ambayo maji hayampi nafasi ya kurudi, umemlaza mjini kwa jamaa ambao watamuuliza alikuja kufanya nini. Muulize yeye boti yake inatoka saa ngapi kabla hujataja saa.

Utajua umefaulu pale utakapokaa barazani na kujiuliza kwa kweli, "Ningekuwa na aibu kubwa, ningepita hapa?" na jibu likawa ndiyo.

## Hatua ya 3: Visa vya wateja viache

Mwaka wangu wa pili niliandika kisa kwenye stetasi ya WhatsApp. Sikutaja jina. Niliandika kwamba mama wa watoto wanne, mumewe nahodha, alikuwa halali usiku tangu mume aondoke, na sasa amepata faraja. Nilijiona nimeandika kwa heshima. Niliiweka baada ya Alasiri. Kabla ya Isha nilipigiwa simu na mtu akinitajia jina lake.

Yule mama hakurudi. Nilimwendea kumwomba radhi, akanifungulia mlango, akanipa maji ya kunywa, na hakunena neno juu ya jambo lile. Maji yale nayakumbuka hadi leo. Wawili wengine walivunja miadi wiki hiyo hiyo.

Katika mji mdogo jina si kitambulisho pekee. Idadi ya watoto, kazi ya mume, mtaa, mwezi, vyote ni jina. Ukichanganya visa viwili kupata kimoja, kuna mtu wa tatu atakayejitambua humo na kuapa kwamba umemsema yeye.

Ushuhuda nao ni hivyo. Kanuni za maadili za chama cha wanasaikolojia cha Marekani zinakataza kuomba ushuhuda kwa mteja ambaye bado yuko katika tiba, kwa sababu hawezi kukukatalia kwa uhuru: anakuhitaji. Hapa kwetu ongeza kwamba anakuonea haya. Usimwombe.

Badala yake fundisha. Eleza kikao cha kwanza kinavyokwenda, kuanzia salamu hadi mtu anapovaa viatu. Eleza kwa nini pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia hupunguza kasi ya moyo, kisha waonyeshe: vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita, dakika tano. Eleza tofauti ya huzuni ya msiba na sonona. Mtu akisoma jambo likamsaidia kabla hajakulipa, amekuona kazini bila mwenzake yeyote kuvuliwa nguo.

Na maafa ya watu si chambo. Waliovamiwa Mpeketoni Juni 2014 wana majirani, wana watoto waliokua. Ukienda Mpeketoni nenda kuuliza wanachohitaji. Kuandika "kwa waathiriwa wa ugaidi" kwenye kipeperushi ili upate wasomaji ni kuwatia kidole kwenye kidonda.

## Hatua ya 4: Nenda kwa wale wanaoulizwa kwanza

Mtu wa Lamu mwenye shida haanzi kwako. Anaanza kwa somo wake, kwa imamu, kwa muuguzi wa zahanati, kwa mkunga, kwa mwalimu wa madrasa. Ndoa ikifika pabaya anakwenda kwa Kadhi. Hao ndio tangazo lako, na huwezi kuwapa kipeperushi ukaondoka.

Nenda kwa mmoja kila wiki. Omba nafasi, vaa vizuri, kaa chini. Usianze na kazi yako. Uliza: "Wanaokuja kwako, ni lipi linalokuchosha zaidi?" Kisha sikiliza, hata kama ni saa nzima. Ndipo useme lile fungu lako la hatua ya kwanza, na uulize ni watu gani ambao hawafai kuletwa kwako. Swali hilo huwashangaza, na ndilo wanalolikumbuka.

Onyo la kwanza: usimpe mtu pesa kwa kukuletea mteja. Siku ikijulikana, na itajulikana, itaonekana mnauziana watu.

Onyo la pili ni gumu zaidi. Aliyekuletea mtu atataka kujua. Imamu mmoja ninayemheshimu sana alinisimamisha njiani: "Mwanangu, yule kijana niliyekwambia alikuja?" Nilimjibu: "Shekhe, nami siku nikikuletea langu, nitapenda usimjibu atakayekuuliza." Alikaa kimya kidogo, akasema, "Sawa." Tangu siku ile ameniletea watu zaidi kuliko Facebook, na hajauliza tena.

## Hatua ya 5: Weka ada waziwazi

Andika bei, uibandike ndani na uitume kabla ya miadi. Mtu akikuuliza bei ukamjibu "tutaelewana", anajua unampima mfuko.

Kama una bei ya chini kwa wasio na uwezo, andika ni ya nani. Mvuvi wakati wa kusi, bahari ikiwa chafu, hana kitu. Kaskazi anarudi kulipa. Mimi nina nafasi mbili kila wiki za bei hiyo, sihitaji ushahidi, na zikijaa nasema zimejaa.

Usitoe kikao cha kwanza bure. Mtu anafungua jambo zito, kisha wiki ya pili hana pesa, na amebaki amefunguka. Toa dakika 15 za simu bure, za kuulizana tu kama mnafaana.

Kuhusu till: anayelipa anapata ujumbe wenye jina la biashara, na simu za nyumbani husomwa. "Kituo cha Uponyaji wa Ndoa" kwenye simu ya mke kumewahi kuzua ugomvi ambao mimi niliusikia ukisimuliwa na mwenyewe. Sajili jina kavu, kisha jilipe shilingi kumi kwa simu ya mtu mwingine uone linavyotokea.

## Hatua ya 6: Mtandao, kwa ufupi

Ukurasa mmoja unatosha. Weka jina lako, hati yako, fungu lako, bei, saa, na zile nambari za dharura juu kabisa kwa sababu anayefika usiku wa manane hatakungoja. Picha iwe ya uso wako, si ya mwanamke aliyejishika kichwa.

Funga maoni, au yasome kabla hayajatokea. Mtu ataandika shida yake hadharani usiku akiwa na uchungu, na asubuhi mtaa mzima umesoma. Ukimjibu pale pale na ushauri, umemponza zaidi. Majibu ya kujiendesha ya WhatsApp yasitaje neno "kikao". "Ujumbe umefika, nitakupigia saa ulizochagua" yatosha.

## Hatua ya 7: Jibu moja kwa wote

Utapigiwa simu: "Fulani huja kwako?" Atapiga mume, mama mkwe, wakati mwingine rafiki mwema. Kama jibu lako kwa wanaokuja ni "siwezi kusema" na kwa wasiokuja ni "hapana, simjui", umeshawataja wote. Jibu liwe moja, kwa sauti moja, kwa kila mtu, hata aliyetajwa akiwa hujawahi kumsikia: "Sizungumzii nani anakuja au haji."

Kikao cha kwanza pia kubalianeni kuhusu njiani. Kati ya Mkomani na Langoni mtakutana mara tano kwa wiki. Muulize: tukikutana nikusalimu, au unisalimu wewe kwanza? Fanya alivyosema, hata kama siku hiyo yuko na mama yako.

Mwaka juzi mwanamke alinipigia akaulizia kama dada yake ni mteja wangu. Nikampa jibu lile. Akasisitiza, akasema kuna mgonjwa nyumbani, akalia. Nikarudia, nikamwambia kama kuna mgonjwa namfungulia nafasi yeye mwenyewe leo. Akakata. Siku nne baadaye ikaja miadi ya jina nisilolijua. Alipokaa alisema, "Yule aliyekupigia nilimtuma mimi."

## Hatua ya 8: Hesabu kila mwezi

Kwenye daftari lisilo na majina andika vitu vitatu tu: wangapi wapya, wangapi wamerudi mara ya pili, na walisikia wapi. La mwisho liulize mara moja, na "sitaki kusema" ni jibu kamili.

Miezi minne ya mwanzo mimi nilikuwa na watu saba. Kazi hii inakwenda kwa mwendo huo, usikope kodi ya mwaka kwa kutegemea mwezi wa kwanza. Wapya wachache lakini wanaorudi ni wengi, uko njia njema. Endelea na hatua ya nne. Wapya wengi wasiorudi, maneno yako yanaahidi kisichopo chumbani. Rudi hatua ya kwanza na mtu wako mkweli.

Na kama miezi sita imepita ngazi iko kimya, usiongeze vipeperushi. Chukua kikombe chako cha kahawa, rudi barazani mkabala na mlango wako kati ya Adhuhuri na Alasiri, na utazame nani anakaribia, anapunguza mwendo, kisha anapita. Hapo anapopunguza mwendo ndipo pa kurekebisha.